Daftari la "Run" na Shahidi Asiyejibu

Mwende, binti ya dada yangu, alikuja kunitembelea Jumapili iliyopita akiwa na barua ya kazi kwenye mkoba. Ameajiriwa kuwa karani wa korti. Huku kwetu karani wa korti ndiye mkalimani pia: mshtakiwa anasema Kikamba, hakimu anaandika Kiingereza, na wewe uko katikati kama kizingiti cha mlango, kila mtu anakukanyaga akipita. Kazi hiyo niliifanya miaka ishirini na tisa. Nilimuuliza Mwende amejiandaa vipi, akanionyesha simu.

"Mjomba, siku hizi neno likikushinda unaliuliza hii."

Nikamwambia aiulize neno "run". Akaandika, simu ikajibu: kukimbia. Akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nikaingia ndani nikatoka na daftari langu, lile la shule la jalada la samawati, ambalo panya wamekula pembe moja. Kurasa tisa za mbele zimejaa neno hilo moja. Alisoma mpaka chai ikapoa.

"Yote haya ni 'run'?"

"Hiyo ni ile niliyokutana nayo mimi. Na mimi ni mtu wa kukaa nyumbani."

Kwa hiyo haya ninayaandika kwa ajili yake na wenzake, na kijana yeyote anayedhani kwamba akishajua maneno ameshajua kazi. Ningemweleza kwa mdomo, lakini alikuwa na haraka, nami sina tabia ya kumfuata mtu mpaka barabarani. Watu wa Kasikeu wanajua kwamba wakiniona nje ya lango langu kuna aliyekufa au kuna anayeoa. Hata kazi yenyewe niliipendea hivyo, unalipwa kusimama mahali pamoja.

Wiki yangu ya pili kazini nilimwachilia mfungwa.

Nilikuwa nimetoka kidato cha nne na alama ambazo mke wangu bado hunikumbusha tukikosana, isipokuwa Kiingereza, ambacho nilipita vizuri na kikanipa kiburi cha bure. Hakimu wa wakati huo, mzee mwenye sauti ndogo, alimhukumu bwana mmoja aliyevunja maduka mawili: mwaka mmoja kwa duka la kwanza, mwaka mmoja kwa la pili. Kisha akasema vifungo hivyo vita-"run", na baada yake neno refu ambalo sikulijua. Lile refu nikaliruka. "Run" nililijua tangu darasa la tatu. Nikamgeukia yule bwana kizimbani nikamwambia kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: "Vifungo vyako vitakimbia."

Akafikiri kidogo. "Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

"Na mimi je?"

Juu yake yeye sikuwa na maagizo, kwa hiyo nikanyamaza. Akachukua kofia yake, akanishukuru, akashuka kizimbani akaelekea mlangoni. Askari alimkuta ameshika kitasa. "Afande," akamwambia kwa upole, "si karani amesema vimekimbia?"

Hakimu alikuwa amesema atatumikia vyote kwa wakati mmoja, yaani mwaka mmoja tu badala ya miwili. Ilikuwa habari njema, na mimi nikaigeuza kuwa habari njema zaidi. Korti ilicheka. Lakini mkewe alikuwa benchi la nyuma, na alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele. Vile kigelegele kile kilivyokatika katikati nakisikia mpaka leo nikiwa nachambua ndengu. Kabla ya hapo sikuwa nimewaza kwamba neno likitoka mdomoni mwangu lilikuwa linaingia nyumbani kwa mtu.

Mzee Nzioki, mkalimani mkuu ambaye alikuwa karibu kustaafu na ambaye koti lake lilinuka ugoro siku zote, aliniita kwenye stoo ya mafaili. Nilidhani ananifukuza. Akanipa daftari.

"Mutiso, hilo neno utalisikia kila siku mpaka uzeeke. Kila likija na sura mpya, liandike. Usiulize neno maana yake ni nini. Uliza nani anafanya, anafanyia nini. Na kama hujui, inua mkono useme hujui."

"Watanicheka, mzee."

"Wameshakucheka. Hiyo imeisha."

Ndipo nikaanza kukusanya. Mwalimu mmoja alisema kwa Kiingereza chake cha shule kwamba ndugu yake ana-"run" hoteli pale Malili, yaani anaiendesha, na mimi nikiwa bado mbichi nikaieleza korti kwamba ndugu yake anaikimbia hoteli. Mzee mmoja akauliza kama ni kwa sababu ya chakula. Kuna pua ya mtoto inayotoa kamasi, kuna tumbo la kuhara, ambalo daktari akilitaja hivyo usimwambie mama wa mtoto kwamba tumbo limekimbia, atakuuliza limekimbilia wapi. Kuna injini ya lori iliyoachwa ikinguruma. Kuna mtu aliyegombea kiti cha kanisa. Kuna ng'ombe aliyekanyagwa na gari, na hapo aliyekimbia kweli ni dereva. Sukari ikiisha dukani pia ni "run". Siku ya kwanza nilipokutana na hiyo ya sukari nilikaa kitandani nikaitazama daftarini kama mtu aliyeibiwa.

Ya mpaka ndiyo niliyoipenda. Wazee wawili wa Kasikeu walikuwa wanagombania shamba, na mpimaji akasema mpaka una-"run" kutoka kwa mkuyu mpaka kwenye korongo. Nilikuwa nimechoka siku hiyo, neno likaniponyoka, nikasema mpaka unakimbia. Kabla sijajirekebisha, mzee mmoja akasimama. "Mwandikie hakimu hivyo hivyo. Kila mwaka unakimbia, na unakimbilia kwangu." Ndiyo mara pekee nimekosea nikawa sahihi.

Kitu kingine Mwende, ambacho simu haitakwambia: mkalimani hana "mimi" yake. Shahidi akisema "nilianguka," usiseme "anasema alianguka." Sema "nilianguka." Ukiweka "anasema" umeingia katikati na harufu yako. Unamkopesha mtu mdomo na unabaki bila. Siku ya kwanza mshtakiwa alipokiri, mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu nikasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ili polisi aliyetoka kwingine asikie: nilimkata kwa panga begani. Kwenye mabenchi alikuwepo nyanya mmoja wa kanisani kwetu. Jumamosi hiyo mchungaji alifika nyumbani na wazee wawili wa kanisa.

"Ndugu Mutiso, tumesikia ulisema mbele ya watu kwamba ulimkata mtu."

"Nilisema, mchungaji. Lakini si mimi."

"Hukusema 'mimi'?"

"Nilisema. Lakini huyo mimi si mimi."

Wakatazamana. Mchungaji akavua kofia. "Na tuombe," akasema, na tukaomba, kwa sababu chai ilikuwa bado haijaiva.

Basi ndivyo nilivyoishi, mimi bila mimi, na daftari mfukoni. Mzee Nzioki alistaafu, akafa, Mungu amrehemu, nami nikawa ndiye ninayewaonya wengine. Namba za daftari zikapanda. Nikaanza kudhani hakuna kinachoweza kunishinda tena pale mbele. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa, na "run" haikuhusika hata kidogo.

Kabla sijalieleza, lazima niwaambie nthoni ni nini, kwa sababu ninyi wa siku hizi mnakaa kochi moja na mama mkwe mnatazama runinga. Kwa sisi wa rika langu, na bado vijijini kwa vijana wengi, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Hataji jina lake, naye hataji lako. Mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Hakuna chuki hapo. Ni heshima, tena nzito, na aibu ya kuivunja inaweza kukufuata mpaka kwa watoto. Mimi mwenyewe nilishuka Malili siku moja kununua tikiti maji, nikamwona mama mkwe wangu anakuja na kikapu. Nikachuchumaa nyuma ya lundo la matikiti.

"Mzee, umeangusha kitu?" muuzaji akaniuliza.

"Nyamaza."

"Nikusaidie kutafuta?"

"Nimesema nyamaza, mama."

Nilipochungulia, naye mama mkwe alikuwa ameshaniona. Alikuwa amegeukia ukuta wa duka la jirani, anasoma gunia la mbolea. Alilisoma kwa muda mrefu sana, na hajui kusoma. Kila mmoja alimngoja mwenzake atangulie kuondoka, mpaka miguu yangu ikafa ganzi.

Sasa kesi. Nilikuwa nimehamishiwa korti moja ndogo upande wa kusini wa Kitui, ambayo sitaitaja. Kwa mtu wa kukaa nyumbani ilikuwa kama uhamisho wa nchi za nje. Nilikuwa na chumba cha kupanga na kila Ijumaa nilirudi Kasikeu nikiwa nimekonda kwa kujipikia. Hakimu alikuwa mama kijana aliyetoka upande wa ziwa, mwepesi, mwenye haki, na ndiyo mara yake ya kwanza kufanya kazi Ukambani. Nilimpenda kwa sababu alimwita kila mtu kwa jina lake kamili.

Mshtakiwa aliitwa Kalekye, mjane wa miaka sitini na kitu. Jirani yake, Kimanzi, alikuwa amepoteza mbuzi watatu, akawakuta watatu kwenye boma la Mama Kalekye, wote wamekatwa ncha ya sikio la kulia kama wake. Tatizo ni kwamba nusu ya mbuzi wanaouzwa Ikutha wamekatwa hivyo hivyo. Mama Kalekye hakuwa na wakili. Alisema mbuzi hao ni wa ntheo, wale watatu ambao familia ya mwanamume huleta ili uchumba ushike, na kwamba waliletwa kwa ajili ya binti yake Mumbua.

"Waliletwa na nani?" hakimu akauliza.

"Na mwenye kuja."

"Ana jina?"

"Ni yule wa Mumbua."

Zaidi ya hapo hakusema. Mumbua alitoa ushahidi, na wazee waliowaswaga mbuzi wakatoa, lakini hao wote walijua tu kwamba mbuzi waliletwa. Aliyejua walikonunuliwa ni mmoja, yule kijana mwenyewe, Mutinda. Asiposema, mama wa watu anafungwa kwa wizi wa mifugo, na huku kwetu wizi wa mifugo si jambo la kuonywa na kwenda nyumbani. Kila mtu mle ndani alijua hivyo. Kimanzi naye alikuwa ameshaulizwa kama mbuzi wake wana alama nyingine mwilini, akasema hapana, ni masikio tu.

Mutinda akaingia. Kizimba cha mashahidi na kile cha mshtakiwa vilitazamana, hatua mbili hivi. Mama Kalekye alipoona viatu vyake mlangoni aligeuka, akaipa korti nzima mgongo, akavuta leso akajifunika kichwa. Mutinda akaapa, lakini alikiapia kitabu chenyewe, sauti haikufika mbali. Kisha akatazama viatu vyake.

"Mama, muulize shahidi wako maswali," hakimu akasema. Nikatafsiri. Mama hakugeuka. Hebu fikirieni, alikuwa anaambiwa amhoji mkwe wake, mbele ya watu, juu ya mbuzi wa ntheo.

"Mwambie ageuke aitazame korti." Nikamwambia. Hakugeuka.

Hakimu akaamua kuuliza mwenyewe. "Unamjua mshtakiwa?"

Nikamuuliza Mutinda. Kimya. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye ukosi wa shati.

"Shahidi hajibu, Mheshimiwa."

"Ulimpelekea mbuzi?"

"Shahidi hajibu, Mheshimiwa."

"Anaogopa mtu?"

Nikauliza. Kimya.

"Shahidi hajibu."

Mara tatu nilisema hivyo, kwa Kiingereza safi. Na nilijua. Mtu yeyote aliyezaliwa kati ya Kasikeu na Ikutha angejua kwa kuangalia ile leso tu. Mabenchi yote yalijua. Wazee walikuwa wameinamisha vichwa. Asiyejua alikuwa mmoja, na ndiye mwenye kalamu. Lakini nilijiambia mkalimani anatafsiri maneno, haongezi, hapunguzi, na pale hapakuwa na neno.

Hakimu akasema mshtakiwa ameipa korti mgongo baada ya kuonywa, na shahidi wake mwenyewe amekataa kumtetea. Akafuta dhamana yake. Rumande wiki mbili, kisha kesi imalizike. Alitazama saa ukutani akasema muda wetu una-"run" kwisha. Na mimi, wakati askari wa kike anamshika Mama Kalekye mkono, mimi nilikuwa natafuta kalamu. Ya sukari nilikuwa nayo, lakini hiyo ya muda sikuwa nayo daftarini. Niliiandika: namba thelathini na nane. Nilipoinua macho, mama alikuwa anapita mbele yangu, leso bado usoni, anatafuta njia kwa miguu. Mutinda alibaki ameshika mbao za kizimba mpaka kesi nyingine ikaitwa.

Ijumaa nikarudi nyumbani, na nikamsimulia mke wangu habari hiyo kama kichekesho. Ndiyo, kichekesho. Alikuwa anachambua ndengu kwenye ungo. Nilipofika pa leso, mikono yake ikasimama.

"Kwa hivyo ulimwambia hakimu nini?"

"Kwamba shahidi hajibu."

"Ukamwambia kwa nini hajibu?"

"Mama Ndanu, hiyo si kazi yangu. Mkalimani—"

"Siku ile ya Malili," akanikata, "polisi angekuja akuulize unafanya nini nyuma ya matikiti ya watu, na mama yangu amesimama hapo. Ungemjibu?"

Nikaokota ndengu moja iliyoanguka.

"Ongea, si uko na maneno mengi kwenye daftari."

"Nisingejibu."

"Angekuandika mwizi wa matikiti." Akatikisa ungo, taka zikaruka. "Baba Ndanu, umemfungia mtu mamake kwa Kiingereza kizuri."

Nilishtuka kuliko siku ya yule bwana wa kofia. Siku ile nilikosea kwa kutojua. Hii nilikuwa najua kila kitu, na kila neno nililosema lilikuwa kweli, na bado nilikuwa nimedanganya korti mara tatu mfululizo nikiwa nimefunga tai. Kiti changu cha jikoni, ambacho ndicho kitu ninachokipenda zaidi duniani baada ya watu wangu, hakikukalika wikendi mbili hizo. Mama Ndanu hakunisema tena. Alikuwa akinipa chakula tu na kuuliza, "Rumande wanakula nini?"

Siku ya kesi nilifika mapema. Wale mbuzi watatu, ambao ndio walikuwa vielelezo, walikuwa wamefungwa kwenye ua wa korti, na ua wenyewe walishaula. Kielelezo namba tatu kilikuwa kimezaa kule kituoni. Mwendesha mashtaka alikuwa anamuuliza askari huyo mwanambuzi aandikwe namba gani.

Mutinda akapanda kizimbani. Mama Kalekye, mwembamba kuliko alivyokwenda, akageuka ukutani na kuvuta leso. Hakimu akavuta pumzi ya kumwonya. Nikainua mkono, kama Mzee Nzioki alivyonifundisha, ingawa yeye alisema ni kwa mtu asiyejua.

"Mheshimiwa, naomba kusema."

"Ni mshtakiwa anayeomba, au ni shahidi?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Swali la haki kabisa. Miaka yote hiyo neno hilo lilikuwa limetoka mdomoni mwangu mara nyingi kuliko salamu, na halikuwahi kuwa langu. "Mimi Mutiso, Mheshimiwa. Mkalimani."

Mwendesha mashtaka akacheka. "Mheshimiwa, sasa mkalimani naye ni shahidi?"

"Sitoi ushahidi. Kuna kitu nilikitafsiri vibaya siku ile, naomba kukirekebisha."

Hakimu akaweka kalamu chini. Nikamweleza nthoni kwa sentensi chache. Nikasema yule mama hakuidharau korti. Kama angegeuka, hapo ndipo angekuwa amemdharau mtu. Na kijana hakukataa kusema. Alikatazwa na mahali aliposimama.

"Bwana Mutiso, wiki mbili zilizopita ulikuwa unajua haya?"

"Nilikuwa najua."

Akanitazama.

"Unapendekeza nini?"

Nilisema wasionane tu, inatosha. Akaangaza macho, akaona ule ubao wa matangazo wenye miguu, ambao orodha za kesi hubandikwa, akaamuru uletwe. Askari wawili wakauburuta mpaka katikati ya vile vizimba viwili, karatasi zikipepea. Mama Kalekye akashusha leso, akaigeukia korti. Upande wa pili wa ubao Mutinda akafuta jasho, akaanza kusema bila hata kuulizwa. Nilikuwa namkimbiza kwa Kiingereza nikihema.

Aliwanunua Ikutha siku ya soko, kwa mtu aliyemtaja kwa jina na kijiji. Wakiwa njiani mbwa akamrukia yule wa kahawia. "Alimng'ata paja la kushoto, upande wa ndani, hapa juu. Nilimshona mwenyewe na uzi wa gunia. Mara nne. Sikutaka kupeleka mbuzi ameraruka kwa... kwa nyumba ile. Mtu akitaka aende aangalie."

Tukaenda. Hakimu, mwendesha mashtaka, mabenchi yote, mpaka muuza chai wa pale nje. Mama Kalekye akabakizwa ndani na askari wa kike ili njia iwe wazi kwa kijana. Kimanzi ndiye aliyeinua mguu wa mbuzi, kwa sababu alisema hataki kushikiwa na mtu. Alitenganisha manyoya kwa vidole. Mishono minne, uzi wa gunia, umeshaanza kumezwa na ngozi. Aliitazama kwa muda, akaushusha ule mguu polepole kama unaoumwa.

"Hii si yangu," akasema. "Basi hata hizo zingine si zangu." Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, mtu mzima, akashika kichwa. Nadhani alikuwa anahesabu zile siku za rumande.

Mama Kalekye aliachiliwa asubuhi hiyo. Alipopita mlangoni nilikuwa nimesimama hapo, nikamwambia, "Mwaitu, nisamehe," yaani mama yetu. Akanitazama kutoka viatuni mpaka kwenye tai.

"Wewe huna mkwe?" akauliza, na akaendelea na safari yake bila kungoja jibu. Nje nilimwona Mutinda anaruka ua ulioliwa kumpisha njia.

Mchana hakimu akaniita ofisini kwake. Nilikuwa tayari kufukuzwa, na nitasema ukweli, kuna sehemu yangu ilishafika Kasikeu na kuketi. Hakunifukuza. Alifunga mlango, akakaa pembeni ya meza.

"Ule ubao utabaki mle ndani," akasema. "Lakini nataka kukuuliza kitu, si kwa ubaya. Umesimama mbele ya mahakimu miaka mingi. Ni mara ngapi umetuambia kwamba shahidi hajibu?"

Nilifungua mdomo. Akilini nilimwona mwanamke mmoja wa zamani aliyeulizwa juu ya baba mkwe wake, akasokota pindo la leso mpaka likachanika. Nilimwona mzee aliyeulizwa mbele ya wanawe kuhusu mambo ya kitandani. Msichana mmoja pia. Wote niliwasemea sentensi ile ile, kwa sauti ile ile nzuri.

Hakimu alingoja. Nikajikuta natazama viatu vyangu, na mkalimani hakujibu.

Jioni hiyo niligeuza daftari, nikaanza kuandika kutoka nyuma. Nilitaka kuandika majina ya wote ninaowakumbuka waliosimama pale wakanyamaza, na sababu ambayo mimi niliijua na sikuisema. Mbele "run" ina kurasa tisa. Nyuma nilifika ukurasa wa tatu, nikalifunga. Mwende alipokuwa anasoma Jumapili hakufika huko. Alicheka na hoteli na tumbo, akaridhika.

Kwa hiyo, Mwende, simu yako ni nzuri, endelea nayo. Daftari nimelifunga kwa uzi, liko juu ya kabati karibu na chumvi. Njoo ulichukue wewe mwenyewe, ulisome kutoka nyuma. Mimi sitoki.